Unanunua ubao wako wa kwanza wa weiksafu? Anza na uzito wako na boti utakayoifuata, rangi iwe ya mwisho

Ngosha wa Ziwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu nilipoweka picha za Ziwa Minnetonka kwenye ule uzi wa maisha ya Minnesota, Marekani, nimeletewa ujumbe mwingi wa faragha, na karibu wote unauliza kitu kimoja: "Mkuu, ninunue ubao gani?" Nimeona nijibu hapa hapa mbele ya wote, kwa sababu jibu lake ni refu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza karibu majira yote ya joto kwa kununua ubao usionifaa. Sitaki mtu mwingine apitie hapo.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: unavutwa na boti kwa kamba fupi, kama mita sita, mpaka usimame. Boti inakwenda polepole, maili 10 au 11 kwa saa, yaani kilomita 16 hadi 18. Nyuma yake kunainuka wimbi moja refu lisilovunjika. Ukishalikamata unaitupa kamba ndani ya boti na kuendelea kuteleza, hakuna kinachokuvuta tena isipokuwa mteremko wa maji. Miguu haifungwi popote. Uko karibu na boti kiasi kwamba mnaongea na waliokaa nyuma. Ni tofauti kabisa na ule mchezo wa viatu vilivyofungwa kwenye ubao na kamba ndefu, ambao boti hukimbia karibu mara mbili ya hapo.

Sasa kisa changu. Nina kilo 94. Jamaa mmoja wa kazini ana boti, akanialika, nikapenda siku ile ile. Usiku huo nikaingia mtandaoni nikakuta ubao mweusi wenye michirizi ya rangi ya machungwa, futi 4 na inchi 6, mwembamba, una pezi moja dogo (kile kibawa cha chini ya mkia kinachoushika ubao majini), na bei imepunguzwa. Muuzaji aliandika kwamba unafaa kila mtu. Nikalipa.

Wiki sita, wakuu. Kila Jumamosi nasimama vizuri, nashika kamba, wimbi naliona lipo chini yangu, naachia, nahesabu moja, mbili, tatu, wimbi linaniacha. Naanguka. Boti inazunguka kunifuata. Narudia. Jamaa walinivumilia sana, lakini mtu unaona aibu kuwachomea watu mafuta. Mwezi wa saba mwishoni nikaacha kwenda, nikasingizia zamu za kazi. Iliniuma, maana mimi ni mtu wa Ukerewe, nimekua maji yakinizunguka pande zote, na nilishaanza kuamini kwamba mwili wangu hauwezi.

Mwezi wa nane mgeni mmoja akaja na ubao wake, futi 5 na inchi 6, mnene, pua pana, mapezi matatu. Akaniambia jaribu. Niliachia kamba mara ya kwanza nikabaki juu ya wimbi mpaka boti ilipofika mwisho wa ghuba na nahodha akalazimika kupunguza mwendo. Mtu yule yule, boti ile ile, wimbi lile lile.

Ndipo nikaanza kuuliza sababu, na sababu ni nyepesi. Wimbi linakusukuma kwa nguvu fulani tu. Ubao mdogo chini ya mtu mzito unazama zaidi majini, maji yanaushika, unakwenda polepole kidogo kuliko boti. Tofauti ya kilomita moja tu kwa saa inatosha: wimbi linakwenda na boti, wewe unabaki. Ubao mkubwa na mnene unaelea juu, hausuguani sana na maji, na unakupa nafasi ya kukosea. Ukirudisha uzito mguu wa nyuma bila kujua, jambo ambalo kila anayeanza hulifanya kwa hofu, ubao mkubwa unapunguza mwendo taratibu na unawahi kujirekebisha. Ule mdogo unakufia hapo hapo.

Kwa hiyo ukiingia dukani, jua kwanza kwamba kuna koo mbili za mbao. Ukoo wa kwanza unafanana na mbao za baharini: mnene, kingo nene, mapezi mawili hadi manne makubwa, unanyooka na kukaa unapouelekeza. Ukoo wa pili ni mwembamba, kingo kali, pezi moja dogo au mapezi madogo sana, umetengenezwa kwa ajili ya kujizungusha juu ya maji. Wanaozunguka nyuzi 360 mnaowaona kwenye video wengi wako juu ya huu wa pili. Unavutia macho, najua. Kampuni hizi zinazojulikana, Ronix, Hyperlite, Liquid Force, Phase Five, nyingi zinatengeneza koo zote mbili, kwa hiyo jina la kampuni peke yake halikuambii kitu. Angalia unene na mapezi. Anza na ukoo wa kwanza.

Urefu sasa. Kila kampuni ina jedwali lake la uzito, na mara nyingi limebandikwa kwenye ubao wenyewe au kwenye tovuti yao. Soma hilo kabla ya maoni ya mtu yeyote, pamoja na ya kwangu. Makadirio yangu kwa ukoo wa kwanza, kwa mtu anayeanza: chini ya kilo 70, futi 4 na inchi 8 hadi 10 inatosha. Kilo 70 hadi 85, tafuta futi 5 hadi 5 na inchi 2. Kilo 85 hadi 100, futi 5 na inchi 2 hadi 6. Ukizidi mia, usione haya kuuliza kubwa kuliko zote walizonazo. Hyperlite kwa mfano wamekuwa na Landlock ya futi 5 na inchi 9 iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wakubwa na mawimbi madogo. Na ukijikuta katikati ya vipimo viwili, chukua kikubwa.

Jambo ambalo watu wengi hawaulizi ni boti. Ubao unaununua kwa ajili ya wimbi, na kila boti ina wimbi lake. Boti za kisasa za Nautique, MasterCraft, Malibu na wenzao zina matangi ya maji ya kuongeza uzito na mabawa ya nyuma yanayoinamisha maji upande mmoja. Malibu walileta Surf Gate yao mwaka 2012, na siku hizi nahodha anabonyeza kitufe tu. Boti za zamani hazina hayo. Zinategemea mifuko ya maji na watu kukaa upande mmoja. Wimbi la boti ya zamani ni fupi na halina nguvu ya kusukuma, na hapo ubao inabidi uwe mkubwa zaidi ya jedwali. Kabla hujalipa hata senti, muulize mwenye boti: wimbi lako linambeba mtu wa kilo ngapi, na kwa ubao gani?

Malighafi. Kuna mbao za kushindiliwa kwenye mtambo, ngumu, nzito kidogo, zinavumilia kugongwa kwenye gati na kukanyagwa na watoto. Mpya zinaanzia kama dola 250 hadi 400. Kuna za kuchongwa kwa povu jeupe kama lile la kufungia televisheni, zikavikwa fibaglasi na epoksi. Nyepesi, zinaitikia haraka, na zinapasuka kirahisi. Hizo ni dola 500 hadi 900 na kuendelea. Ubao wa kwanza utaugonga. Utaangukia boti, utaangukia zege, utausahau juani. Chukua wa kushindiliwa.

Mapezi yanafunguliwa kwa bisibisi ndogo ya pembe sita, kwa hiyo usiogope ubao wenye matatu. Anza nayo yote, ukizoea ondoa la katikati uone ubao unavyolegea. Mbinuko wa chini, yaani ubao unavyopinda toka pua hadi mkia, usiwe mkubwa sana, maana ubao ulionyooka zaidi ndio unaokwenda kasi. Maumbo ya mkia, sijui wa mraba, wa mbayuwayu, wa ncha, sitaki kuwachosha: kwa anayeanza tofauti yake ni ndogo mno. Raba za kukanyagia ziwepo mbele na nyuma, hasa ile yenye kisigino kilichoinuka nyuma, inakuambia mguu uko wapi bila kutazama chini.

Naomba waliobobea waongeze au wanirekebishe.

---

MamaTravis

Hujambo ndugu Ngosha, na asante kwa kuandika kwa upole. Mimi ni Mkenya, niko Austin, Texas, tunateleza Ziwa Travis karibu miezi saba ya mwaka.

Nina neno moja la kupinga. Si kila mtu achukue kubwa. Mimi ni kilo 58. Bwana yangu alituchagulia ubao mmoja wa familia wa futi 5 na inchi 6 kwa sababu yeye ni kilo 98, na boti ya rafiki zetu ina wimbi la nguvu sana. Yeye alifurahia. Mimi ule ubao ulinibeba hadi nikagonga nyuma ya boti mara mbili. Ulikuwa unakimbia kuliko boti na sikuwa na uzito wa kuuzuia kwa mguu wa nyuma. Mara ya pili niliumia ugoko na nikakaa nje wiki tatu. Tangu nipate wa futi 4 na inchi 8, napanda nikiwa nimetulia.

Kwa hivyo dada zangu wepesi, msinunuliwe ubao na mtu mwingine kwa vipimo vyake. Na watoto wa kilo 30, 40, kuna mbao fupi za juu laini ambazo hata zikiwagonga hazikati.

---

Ngosha wa Ziwani

Dada MamaTravis, umesema kweli na nimejifunza. Niliandika kama mtu mzito anayewaandikia watu wazito. Mkondo wa mawazo ni ule ule, uzito na wimbi, lakini unakata pande zote mbili: mtu mwepesi nyuma ya boti yenye wimbi kubwa ashuke kipimo kimoja. Pole sana kwa ugoko.

Kwa familia yenye ubao mmoja tu, mimi ningechagua unaombeba mzito wenu, halafu boti ipunguze maji kwenye matangi mwepesi anapoingia. Mnafanyaje ninyi?

---

MamaTravis

Ndivyo tulivyofanya mwaka wa kwanza. Inasaidia, lakini kujaza na kumwaga matangi kunakula wakati na watoto wanachoka. Mbao mbili za mtumba zilitugharimu pungufu ya moja mpya.

Na kwa mtumba, wacha niwaambie ninavyokagua. Nabonyeza kwa kidole gumba ubao wote, juu na chini, hasa pale visigino vinapokaa. Palipolainika, ngozi imeachana na povu, siuchukui. Naangalia mashimo ya mapezi kama yana nyufa, hapo ndipo maji huingilia. Nauinua niulinganishe na uzito ulioandikwa na kampuni. Ukiwa mzito kuliko ilivyoandikwa, umekunywa maji. Na nahesabu mapezi na skrubu mbele ya muuzaji, kwani seti mpya ya mapezi si bei ndogo.

---

Kirumba Boy

Wakuu, shikamooni wote mliotutangulia. Mimi niko Mwanza. Mzee wangu ana boti ya faiba, mashine ya Yamaha 40 nyuma. Nimesoma uzi wote nimevutiwa. Fundi seremala hapa mtaani anaweza kunichongea ubao wa futi 5. Je, naweza kuanza na boti hii? Wimbi linatoka, nimeliona.

---

Mlamu Dubai

Asalaam alaykum. Kijana wangu wa Kirumba, soma hili taratibu na umsomee na mzee.

USIFANYE.

Mimi ni mwana wa Lamu, baharia, miaka hii nafanya kazi kwenye boti za kukodisha hapa Dubai, na weiksafu ndiyo inayotafutwa na wageni wengi. Boti za mchezo huu rafadha yake (lile panga linalosukuma boti) iko chini ya tumbo la boti, mbali na ukingo wa nyuma. Ukianguka mbele, unakutana na maji. Mashine ya kutundika kama yenu rafadha iko nyuma kabisa, wazi, mita mbili tatu kutoka miguuni mwako, na mchezo huu kazi yake ni kukukalisha karibu na boti bila kamba. Ukiteleza kwenda mbele unaingia kwenye visu. Hakuna ustadi unaoondoa hatari hiyo. Hata boti za injini ya ndani zenye rafadha ya kutokeza nyuma hazifai. Volvo Penta walitengeneza mfumo wa rafadha inayotazama mbele mwaka 2015 kwa sababu hiyo hiyo, watu walikuwa wanataka mchezo na boti zao haziruhusu.

Boti yenu si mbaya. Kwa kuvua na kubeba abiria ni chombo kizuri. Kwa hili hapana.

---

Kirumba Boy

Nimekuelewa mzee wangu, nashukuru. Nilikuwa nimeshaongea na rafiki anishikie usukani Jumapili hii.

---

Ngosha wa Ziwani

Mdogo wangu, nimesoma hapo nikashusha pumzi. Ahsante Mlamu kwa kuwahi.

Nyumbani kuna michezo ya maji isiyohitaji boti. Ubao wa kupiga kasia ukiwa umesimama unafundisha mizani ile ile ya miguu, hauhitaji mashine, na huo fundi anaweza kukuchongea. Jaketi okozi vaa hata kama unajua kuogelea. Na ujue kichocho kipo kwenye kingo zenye majani, mimi nilikipata nikiwa darasa la nne. Usikae kwenye maji yaliyotuama karibu na matete, na ukipata dalili nenda kituo cha afya, dawa zipo.

---

Mlamu Dubai

Niongeze machache kwa walio na boti zinazofaa, maana mimi nauona mchezo kutoka upande wa usukani.

Yale matangi mnayoyasema, kwetu uzito wa kutuliza chombo unaitwa farumi, tangu majahazi yalipobeba mawe tumboni. Kazi ni ile ile ila hapa tunailalisha boti upande mmoja makusudi. Nahodha mpya akikosea farumi, mwanafunzi anadhani ubao ni mbaya. Wimbi likiwa linavunjika povu karibu na boti, ongeza mwendo kidogo, nusu maili tu. Likiwa refu lakini bapa, punguza. Nimeona watu wakibadilisha mbao tatu siku moja, na tatizo lilikuwa mwendo.

Pili, moshi. Pale nyuma ya boti injini ikiunguruma kuna kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu. Mtu asining'inie wala kukaa kwenye jukwaa la nyuma boti ikitembea, na mtoto asilale viti vya nyuma siku ya upepo wa tezi, unaotoka nyuma ya boti. Mtu anapopanda kutoka majini, injini izimwe kabisa. Si kuitoa gia tu. Izimwe.

Tatu, ubao wenyewe baharini: uoshe kwa maji baridi ya bomba kila siku, fungua skrubu za mapezi mara kwa mara zisigande kwa kutu. Na jua la huku linautoa ubao ngozi. Nilimwona mteja ameacha ubao wake wa epoksi ndani ya gari mchana wa Agosti, jioni umevimba kama andazi. Uwe na mfuko wenye upande wa fedha, na ubao ukae kivulini.

---

Teacher Neema

Swali fupi. Nitajuaje mguu gani utangulie? Na je, ubao una kushoto na kulia?

---

Ngosha wa Ziwani

Mwalimu, vaa soksi, kimbia kidogo ndani kwenye sakafu laini, uteleze. Mguu uliotangulia bila kufikiri ndio wako wa mbele. Ubao wa kuanzia ni sawasawa pande zote, hauchagui. Kinachochagua ni wimbi: ukitanguliza wa kushoto, utastarehe wimbi la kushoto mwa boti, kifua kikilitazama wimbi. Ukitanguliza wa kulia, upande wa kulia. Mwambie nahodha mapema kwa sababu boti inapangwa upya kwa kila upande.

Mwanzoni kabisa unalala chali majini, ubao umekaa ubavu mbele yako, visigino juu yake. Boti inakuvuta polepole, unakandamiza visigino, ubao unasimama na kukufuata nyayo. Usivute kamba kuja kifuani. Kunja magoti, iache boti ikuinue. Kamba usiizungushe mkononi kamwe, wala usipitishe mkono kwenye kitanzi. Ukianguka, anguka bapa, nyuma, mbali na ubao.

---

Fundi wa Fibaglasi

Nimechelewa kuuona uzi. Niko Toronto, natengeneza mbao na mitumbwi ya faiba kama kazi ya pembeni. Jambo moja linaniuma kila mwaka: watu kuziba nyufa kwa resini (ile gundi ya majimaji inayoganda) yoyote iliyopo gereji.

Kama ubao wako ndani ni povu jeupe la punje punje, resini ya poliesta inaliyeyusha. Namaanisha inaliyeyusha kweli, unabaki na pango ndani. Mwaka juzi kijana aliniletea ubao wa dola 700 alioununua mtumba. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amejaza ufa kwa poliesta, akasugua msasa vizuri, akapaka rangi. Nje unang'aa, ndani hakuna kitu. Nilimrudishia mikononi sikuwa na la kufanya. Tumia epoksi peke yake, na kabla ya hapo ukaushe ubao siku kadhaa ndani, kwenye hewa kavu, ufa ukitazama chini maji yatoke. Ukiziba na maji ndani, yanaendelea kutembea kwenye povu na ngozi itaachia.

Ukiwa ziwani na ufa umetokea leo, bandika utepe usiopitisha maji na uache kuutumia. Usiseme namalizia siku.

---

Shem wa Brooklyn Park

Kaka Ngosha, mimi ni jirani yako, Brooklyn Park. Kilo 81, sijawahi kusimama hata mara moja. Boti ni ya shemeji, ya mwaka 2009, injini ya ndani, rafadha chini ya tumbo nimehakikisha leo baada ya kumsoma Mlamu. Haina mabawa ya wimbi, ana mifuko ya maji miwili. Nimepata ubao wa mtumba kilomita kumi toka kwangu: futi 5 kamili, wa kushindiliwa, mapezi matatu, dola 140. Muuzaji anasema kuna ufa "wa nywele" kwenye shimo la pezi la katikati. Picha nimekutumia faragha. Nichukue?

Halafu kuogelea kwangu ni kwa wastani tu. Nisiwe mwongo.

---

Ngosha wa Ziwani

Shem, nimeiona picha. Usichukue. Ufa ule unaanzia kwenye shimo na unapanda kuelekea katikati, na ukibonyeza hapo nadhani utakuta pamelainika. Hata kama ungekuwa mzima, kwa wimbi la boti isiyo na mabawa ningekutafutia futi 5 na inchi 4 kwa kilo zako. Jedwali litakuambia futi 5, lakini jedwali halijui boti ya shemeji. Na wakati wa kununua ni mwezi wa tisa na wa kumi, maduka ya hapa yanaondoa mbao za mwaka unaoisha kabla ya barafu. Ukiweza kusubiri kwa kuazima, subiri.

La kuogelea umefanya vizuri kulisema. Nenda YMCA, wana madarasa ya watu wazima, mimi mke wangu amejifunzia huko akiwa na miaka 38 na sasa anakata bwawa lote. Jaketi okozi ndilo ningekwambia ulinunue kabla ya ubao. Geuza ndani usome lebo: liwe limeidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani. Kuna majaketi mazuri membamba ya mashindano yanauzwa rafu ile ile, bei ile ile, na yameandikwa kwa herufi ndogo kwamba hayajaidhinishwa. Hayakushikilii kichwa juu ya maji vya kutosha. Hayo waachie wengine.

Mwambie shemeji pia, kama hajui: awepo mtu wa kukutazama wewe muda wote au kioo kipana cha nyuma, ndiyo sheria ya Minnesota, na nusu saa baada ya jua kuzama hakuna kuvuta mtu. Mkae mbali na gati za watu. Chuo Kikuu cha Minnesota walipima mawimbi haya wakatoa ripoti mwaka 2022, wakashauri boti za mchezo huu zikae angalau futi 500 kutoka ufukweni, maana wimbi lake linafika kwenye kingo likiwa bado na nguvu ya kumomonyoa udongo. Wenyeji wa ziwa wanalalamika na wana haki, na sisi wageni tunaonekana haraka. Mkitoka majini chomoeni kizibo cha chini, mmwage mifuko yote pale pale, na ubao na mfuko wake vikauke kabla ya kwenda ziwa jingine. Minnetonka ina wale kome wadogo wa milia tangu mwaka 2010 na hatutaki tuwahamishe kwa mikono yetu.

Jumamosi hii natoka saa moja asubuhi, maji yakiwa bado kama kioo. Ule ubao wa futi 5 na inchi 6 niliununua kwa yule mgeni, ninao mpaka leo. Na nina wa futi 5 na inchi 2 wa rafiki. Njoo ujaribu yote miwili nyuma ya boti yetu, halafu Jumapili nije nayo nyuma ya boti ya shemeji tuone wimbi lake linabeba upi. Njoo na jaketi, taulo na nguo nzito ya kubadilisha, maji bado ni baridi.

---

Shem wa Brooklyn Park

Nimemwandikia muuzaji kwamba sichukui. Jaketi nanunua kesho nikitoka kazini, nitakutumia picha ya lebo kabla sijalipa. Saa moja nitakuwa hapo gatini.